Kidole kimetua wapi? Fundi anajibu maswali ya testi za tachi

Meseji za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja, apu ukiibonyeza kwa mkono wako inaenda vizuri, ukiiachia skripti (orodha ya amri zinazojiendesha) ikubonyezee kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) inakataa. Nimechagua za hapa hapa Tanga na majirani zetu, nyingine nimezipunguza maana kuna mtu alituma logi yote kama ilivyo, nikaisoma mpaka mbaazi zikapoa kwenye sahani.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi kijana wa Ngamiani, barabara ya 14. Natengeneza apu ya kuagizia samaki, mteja anachagua samaki, anabonyeza Tuma Oda, mama anapata meseji akiwa bado yuko Deep Sea. Nimeandika skripti ya kuitesti, mwishoni inabonyeza batani kwa adb (programu ya kuiamuru Android toka kwenye kompyuta), amri yenyewe ni adb shell input tap 360 1400. Kwenye simu yangu inapita kila siku. Kwenye emuleta haipiti, tena haileti kosa lolote, inafungua tu picha ya samaki changu. Nimeweka sleep 5 (isubiri sekunde 5), nikaweka 10, sa hivi iko 20 na bado ni changu. Emuleta ni mbovu au mimi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Emuleta nzima, na skripti yako imefanya kile kile ulichoiambia, imegusa 360, 1400. Tatizo ni kwamba hapo 360, 1400 kwenye simu yako pana batani na kwenye emuleta pana changu.

Piga adb shell wm size kwenye simu, alafu piga kwenye emuleta, inakupa ukubwa wa skrini kwa pikseli, vile vinukta vyake. Ulinitumia picha za skrini nikazipima, simu yako ni 720 kwa 1600, emuleta yako 1080 kwa 2400. Hesabu inaanzia kona ya juu kushoto, ile ndo sifuri sifuri, namba ya kwanza inaenda kulia na ya pili inashuka chini. Kwa hiyo 360 kwenye simu ni katikati kabisa, kwenye emuleta ni theluthi tu ya upana. 1400 kwenye simu ni karibu na chini, kwenye emuleta hata theluthi mbili hujafika, bado uko kwenye orodha ya samaki. Sasa hapo sleep hata ukiweka 200 utasubiri dakika tatu na ushee alafu uguse changu yule yule.

Najua unachowaza, si nizidishe kwa moja na nusu tu yaishe? Utapata 540 na 2100. Nimekupimia, batani yako kwenye emuleta inaanzia 2075 kwenda 2201, kwa hiyo ungeipata kweli lakini pembeni, pikseli 25 tu toka ukingo wa juu, na siku batani ikishuka chini kidogo tu unarudi kwa changu. Sababu ni kwamba Android haipangi vitu kwa pikseli, inapanga kwa dp, na dp moja ni pikseli moja kwenye skrini ya densiti 160, yaani pikseli 160 kwa inchi. Simu yako ni 320 kwa hiyo dp moja ni pikseli mbili, emuleta yako ni 420 kwa hiyo ni pikseli 2.625. Batani ya kimo cha dp 48 ni pikseli 96 kwako na 126 kule. Upana umekua mara moja na nusu ila batani haikukua kwa kiasi hicho, ndo maana kuzidisha kunakupeleka karibu karibu tu.

Kabla hujabadilisha mstari wowote, uone kwanza kidole kimetua wapi. Mimi hii naifanya hata kama najua jibu. Piga

adb shell settings put system pointer_location 1

na juu ya skrini utaona mstari unaokuandikia X na Y za kila mguso, na msalaba pale ulipogusa. Ukimaliza rudisha 0. Kama mguso unapita haraka macho hayauwahi, tumia ujanja huu, badala ya tap piga swipe inayoanzia na kuishia pale pale, input swipe 360 1400 360 1400 1000, namba ya mwisho ni milisekunde, kwa hiyo kidole kinakaa sekunde nzima unakiona kabisa. Hiyo hiyo ndo namna ya kubonyeza-na-kushikilia kwa skripti, wengi huwa wananiuliza.

Alafu piga adb shell uiautomator dump. Itaandika faili la XML kwenye sdcard lenye orodha ya vitu vilivyopo kwenye skrini, livute ulifungue, utafute neno Tuma Oda. Lako limeandikwa hivi: bounds="[84,2075][996,2201]". Hizo ni kona mbili, ya juu kushoto na ya chini kulia, katikati yake ni 540, 2138. Jaribu kugonga hapo kwa mkono wa amri, oda itaondoka. Ila usiende kuandika 540 2138 kwenye skripti ukadhani umepona! Umehamisha ugonjwa tu toka simu kwenda emuleta.

Hebu fikiria mgeni anashuka stendi anataka kuja kwenu, we unamwambia tembea hatua 360 kulia alafu hatua 1400 kushuka. Mgeni mrefu atapitiliza, mgeni mfupi ataishia kwa jirani. Nyie watu wa Ngamiani mmebahatika barabara zenu zina namba, mgeni anaambiwa barabara ya 14 nyumba ya fulani anafika hata usiku. Batani nayo ina jina, kwenye lile faili la XML angalia resource-id. Kama uliipa id ya tuma_oda basi iite kwa hiyo id, kwa UI Automator au Espresso, zana za kutesti apu za Android, yenyewe itatafuta batani iko wapi kwenye skrini hiyo na kugusa katikati yake. Kwa UI Automator inakuwa hivi:

device.wait(Until.hasObject(By.res("jina.la.apu", "tuma_oda")), 10000)

alafu unaitafuta kwa findObject na kuibonyeza. Ile 10000 ni milisekunde, maana yake subiri mpaka sekunde 10, lakini batani ikitokea baada ya nusu sekunde testi inaendelea saa hiyo hiyo. Kaiangalie sleep yako, yenyewe inalala 20 hata kama batani imeshafika kitambo, na ukiwa na testi 30 za namna hiyo ni dakika 10 za kulala tu.

Hapo nikupe kipimo changu, sijakisoma popote, kimetoka kwenye kuumia. Testi inayofeli kila mara, tena kwa namna ile ile, kama changu wako huyo, tatizo ni mahali. Testi inayofeli leo kesho inapita, tatizo mara nyingi ni wakati. Ukichanganya hayo mawili ndo unajikuta unaongeza sleep kwenye ugonjwa wa mahali.

Tena na wakati nao una ujanja wake. Mimi kuna testi ilinitesa wiki mbili, nikikaa mbele ya laptopu inapita, Ijumaa nikiiacha nikaenda msikitini nikirudi imefeli, nikaanza kufikiria mambo mengine kabisa. Kumbe kabla ya kuanza testi laptopu inajenga apu dakika kadhaa, kipindi hicho emuleta haiguswi, skrini inazima na kujifunga, testi inaanza kugonga kwenye kioo cheusi. Nikiwepo naisogeza sogeza kipanya kule ndani bila kujua ndo naiamsha. Dawa ni amri tatu mwanzoni: adb shell svc power stayon true, alafu adb shell input keyevent KEYCODE_WAKEUP, alafu adb shell wm dismiss-keyguard. Na kwenye emuleta ya testi zima animesheni, kuna tatu kwenye settings global, window_animation_scale, transition_animation_scale na animator_duration_scale, zote weka 0, maana batani inayoingia kwa kuteleza inaweza ikaguswa ikiwa bado njiani.

Mama msalimie.

SWALI: Habari za kazi kaka Fundi. Niko Pangani, naandika apu ya vikoba, mwanachama anajaza jina, namba ya simu, kiasi, alafu anabonyeza Hifadhi. Natumia Espresso na nabonyeza kwa id sio kwa pikseli, kwa hiyo usinipeleke huko. Kwangu testi zote zinapita. Mwenzangu yuko Tanga mjini, ana kodi ile ile, emuleta aina ile ile, kwake ikifika Hifadhi inafeli. Mara inasema lazima angalau asilimia 90 ya kitu kionekane, mara inasema eti ruhusa ya INJECT_EVENTS. Tumegombana mpaka hatupigiani simu.

JIBU: Salama dadangu. Mpigie simu, umwombe akutumie picha ya skrini pale pale inapofelia. Kama nimeotea sawa utaona kibodi imekalia nusu ya chini ya skrini na Hifadhi iko chini yake.

Espresso haikubali kubonyeza kitu ambacho mtu asingeweza kukiona, inataka angalau asilimia 90 ya eneo la batani liwe linaonekana, na hapo iko sawa, ni bora ikatae kuliko ipite kwa uongo. Kibodi ikifunguka inaisukuma fomu au inaifunika, ndo unapata kosa la kwanza. Kosa la pili lina jina la kutisha lakini ukikimbilia kuongeza ruhusa kwenye manifesti (faili la kutangazia ruhusa za apu) unapoteza muda, hiyo ruhusa ni ya mfumo wenyewe, apu ya kawaida haipewi. Linachosema ni kwamba mguso ulikuwa unaenda kutua kwenye dirisha ambalo sio la apu yako. Kibodi ni apu nyingine. Umegusa ya jirani, mfumo umekuzuia mlangoni.

Sasa kwanini kwako inapita? Angalia faili la config.ini la emuleta yako, mstari wa hw.keyboard. Ikiwa yes, emuleta inaona laptopu yako ina kibodi ya kweli kwa hiyo inaweza isilete ya kwenye skrini kabisa. Ya mwenzio yaelekea ni no, au amewasha ile setingi ya kuonyesha kibodi ya skrini hata kama ya kweli ipo. Hapo hamna aliyekosea, ila apu yako haijawahi kujaribiwa kibodi ikiwa wazi, na wale akina mama wa kikoba wote watakuwa na kibodi wazi, hawana laptopu.

Kwa hiyo usimwambie azime, we ndo uiwashe. Alafu kwenye testi baada ya kuandika weka closeSoftKeyboard(), na kabla ya click() weka scrollTo() kama fomu iko ndani ya ScrollView (eneo linaloteleza juu na chini). Ikiwa ni orodha ya RecyclerView ile scrollTo() ya kawaida haifanyi kazi, kuna RecyclerViewActions zake. Ukishamaliza, jaza fomu kwa mkono wako mwenyewe kibodi ikiwa wazi, uone kama mtu anaweza kuifikia Hifadhi bila kubonyeza rudi. Isipofikika, hilo ni kosa la apu kabisa na testi ya mwenzio ilikuwa inakusaidia.

SWALI: Fundi mambo! Mimi wa Muheza. Apu yangu ina orodha ndefu ya mashamba ya machungwa, testi inatakiwa iswaipu juu ifike mwisho. Nikipiga input swipe 540 2390 540 300 apu inafungwa yote. Simu ya kweli haifanyi hivo.

JIBU: Poa. Haifungwi, imeenda hom. Umeanzia 2390 kwenye skrini ya 2400, hapo ni ukingoni kabisa, na kwenye emuleta iliyowekwa mwendo wa ishara (kuvuta kidole badala ya vitufe vya chini) ukivuta toka ukingo wa chini unaambia mfumo nipeleke hom. Simu yako itakuwa na vitufe vitatu. Anzia ndani, 540 1700 kwenda 540 700, na malizia kwa namba ya muda. Usipoiweka inatumia milisekunde 300, hapo ni kama umeirusha orodha, inaendelea kuteleza yenyewe baada ya kidole kuondoka na kila ukipiga inasimama sehemu tofauti. Weka 1000 au zaidi, ivute polepole kama mtu anavuta jarife.

SWALI: Asalaam aleikum. Testi ya login mara ya kwanza inapita, mara ya pili inafeli, nikifuta emuleta na kuunda upya inapita tena mara moja. Makorora.

JIBU: Waaleikum salaam. Mara ya pili umeshalogin! Apu inafunguka moja kwa moja ndani, testi inatafuta sehemu ya neno la siri haioni. Kabla ya kila testi piga adb shell pm clear na jina la apu, itasahau kila kitu, huna haja ya kuunda emuleta upya. Na kumbuka emuleta ikizimwa huwa inahifadhi hali iliyokuwa nayo, ukiiwasha inarudi pale pale, kwa testi iwashe na -no-snapshot-load iwake toka mwanzo.

Ila ikiwaka toka mwanzo inachelewa, na hapo watu wanategemea adb wait-for-device, ambayo inasema tayari pale tu adb inapounganika, Android yenyewe bado inavaa viatu. Uliza adb shell getprop sys.boot_completed kila baada ya sekunde mbili mpaka ijibu 1, ndo uanze kugonga.

SWALI: Fundi laptopu yangu ya mtumba, emuleta inatembea kama kobe, testi zote zinafeli kwa kuchelewa na mara kwa mara kinatokea kisanduku kinasema System UI haijibu. Chumbageni.

JIBU: Hicho kisanduku kinakaa juu ya apu yako na kinakula miguso yote, ndo maana zote zinafeli. Piga emulator -accel-check. Ikijibu kwamba haipati msaada wa prosesa, zima mashine, ingia BIOS (setingi za mashine kabla haijawaka), washa virtualization, ndo huo msaada wenyewe, kwenye Linux uhakikishe na KVM ipo. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi unaikuta imezimwa. Na chagua picha ya mfumo ya x86_64, usiweke ya ARM kwenye laptopu ya Intel. Ikishindikana kabisa, chomeka simu ya kweli kwa waya uitumie hiyo, hakuna sheria inayosema lazima emuleta. Mimi miaka ya mwanzo nilitesti kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na umeme ukikatika simu ilikuwa inaendelea.

SWALI: Nimesikia kuna Monkey, programu ya kutesti ya Android, unamwachia anabonyeza hovyo apu nzima. Nimemjaribu, apu imekufa mara moja, nimemrudia mara kumi haifi tena. Nitajuaje alibonyeza wapi? Raskazone.

JIBU: Jina linamfaa, anafanya kama kima aliyeingia jikoni. Lakini uhovyo wake unatokana na namba ya kuanzia, ukimpa namba ile ile anarudia miguso ile ile kwa mpangilio ule ule. We hukumpa, kwa hiyo kila mara alianza upya. Piga hivi:

adb shell monkey -p jina.la.apu -s 42 -v 500

Hiyo ni matukio 500, na 42 ndo namba ya kuanzia, weka unayotaka lakini iandike kwenye ripoti. Ikifa, safisha apu kwa pm clear, mpe tena 42 aanzie hali ile ile. Ile -v inamfanya aseme kila alichogusa, ihifadhi kwenye faili maana kwenye tereminali inapita kama mvua. Na uangalie intaneti baada ya yeye kupita, huwa anavuta ile pazia ya juu na kuzima Wi-Fi, we unabaki unatafuta kosa kwenye kodi saa nzima.